Uzito wa Blanketi la Ukevelo

Kiota namba saba, sanduku la kioo la kulelea njiti, kilitoa mlio mwembamba, na Bibi Tumwidike Chaula hakungoja kuita mtu. Alipitisha mkono katika tundu la pembeni, akaugonga unyayo wa mtoto kwa ncha ya kidole, mara mbili, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Mtoto akakunja uso, akavuta pumzi, na mlio ukakoma.

"Bibi, mikono!" Muuguzi Enelia Mligo alikuja akikaza mwendo kutoka upande wa pili wa wodi.

"Nimenawa hadi viwikoni. Nilikuwa nikifundisha watu kunawa katika wodi hii kabla mama yako hajavunja ungo."

Enelia alicheka bila kutaka. "Shikamoo, basi."

"Marahaba. Amesahau kupumua mara ngapi tangu jana asubuhi?"

"Mara kumi na moja."

"Na huyo wa namba nne?"

"Tisa. Wale wakubwa wa safu ya dirishani hakuna hata mmoja. Hawa wadogo kabisa ndivyo walivyo, Bibi. Wamekuja kabla ya kumaliza masomo."

"Sivyo walivyo." Bibi Tumwidike hakuondoa macho kwa mtoto. Alikuwa kitukuu chake, mtoto wa mjukuu wake Lusungu aliyekuwa bado amelazwa jengo la pili. Alikuwa na siku nne, gramu elfu moja na themanini, na hakuwa amepewa jina. "Nimelea wadogo kuliko huyu kwa chupa za maji ya moto, umeme ukiwa umekatika. Wakipata dawa ya pumzi ya kuwatosha hawasahau mara kumi na moja. Anapewa matone mangapi?"

"Matano, kila asubuhi."

"Mpe la sita."

"Siwezi. Kiota ndicho kinachotoa."

"Kiambie kiota."

"Hakinisikii mimi, Bibi. Kinaisikia makala."

Ndivyo mambo yalivyokuwa katika miaka hiyo. Zamani makala ya kisayansi ilisomwa kwanza na watu wawili watatu waliofichwa majina, kisha ikachapishwa, na ikiwa na kosa, kosa hilo lilizeeka pamoja nayo kwa heshima zote. Jarida la Wazi la Watoto Wachanga lilikuwa limeigeuza desturi hiyo. Makala ilitolewa kwanza, bure, mbele ya kila mwenye macho; hukumu ilifuata baadaye, hadharani, wala haikuwa na mwisho. Yeyote aliweza kuandika tathmini pambizoni kwa masharti matatu: ataje jina lake kamili, alete ushahidi, na aseme ana uhusiano gani na mwandishi. Mwandishi alijibu papo hapo chini yake. Neno likishaandikwa halikufutwa, liwe la mtathmini au la mwandishi. Viota vya hospitali zote, kutoka nyanda za juu hadi maziwa, viliungwa na jarida hilo moja kwa moja, navyo vilitoa dawa kwa kufuata jedwali la makala iliyosimama, yaani ambayo haijapingwa. Makala ikihojiwa bila pendekezo la kurekebisha, viota vyote vilirudia jedwali la zamani, lililowapa watoto matone matatu. Kwa hiyo hata tathmini ya kweli, ikiandikwa kwa uzembe, iliweza kuua.

"Makala yenyewe ni ya nani?" aliuliza Bibi Tumwidike.

Enelia alimtazama kwa mshangao. "Si ya hapa hapa Ukevelo? Jedwali la Kitange."

Bibi Tumwidike aliketi kwenye kibao cha kando ya kiota. Alijua kwamba Daktari Ombeni Kitange, aliyewahi kufanya kazi hapa, alikuwa ameandika kitu kutokana na daftari za wodi hii. Hakujua kwamba kitu hicho ndicho kilichokuwa kikidondosha dawa katika mdomo wa kitukuu chake. "Nifungulie nisome," alisema. "Na unipe miwani yangu kwenye mkoba."

Alisoma kama alivyofundishwa kusoma shuleni, mstari kwa mstari, midomo ikitembea kidogo. Watoto mia mbili na kumi. Miezi ya Mei hadi Agosti. Kila mtoto alipimwa uzito, kisha ikaandikwa ni matone mangapi yaliyomzuia asisahau kupumua. Yote aliyakumbuka, na yote yalikuwa sahihi, mpaka alipofika kwenye sehemu ya njia za utafiti, mahali ambapo wasomaji wengi huruka. Hapo palikuwa na sentensi moja: *Uzito wa nguo, ambayo ni kipande cha kanga cha gramu tisini, uliondolewa katika kila kipimo.*

Alivua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Bibi, umeona nini?"

"Nimeona neno langu," alisema.

*

Miaka thelathini na moja kabla ya hapo, asubuhi moja ya Julai, mtoto wa kike aliwekwa uchi kwenye sahani ya chuma ya mizani ya Ukevelo. Ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani ya wodi. Mtoto alishtuka kwa baridi, akanyamaza, na pumzi yake haikurudi. Aliyemweka pale alikuwa Muuguzi Tumwidike, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kanuni. Tangu siku hiyo watoto wakubwa aliwapima katika kipande cha kanga, lakini wale wadogo kabisa, waliokuwa chini ya kilo moja na nusu, aliwafunga katika blanketi dogo la kijivu lenye mstari mwekundu, kisha ndipo akawaweka kwenye mizani. Katika daftari aliandika tu: *pamoja na nguo.*

Matroni alipogundua alimkataza, akamwambia kwamba akirudia atahamishwa. Akarudia. Siku daktari kijana Kitange alipokuja na kalamu yake akauliza, akimwita kwa jina la mwanawe, "Mama Sikitu, nguo mnayopimia ni ipi?", Matroni alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono.

"Kanga," alijibu Muuguzi Tumwidike.

Lilikuwa neno dogo. Alidhani lingefia mle chumbani.

*

Kesho yake baada ya Bibi Tumwidike kuisoma makala, saa nne asubuhi, Daktari Kitange alishuka kwenye ndege ndogo ya hospitali akiwa na mkoba mmoja na mvi alizokuwa hana alipoondoka. Kwa simu Bibi Tumwidike alikuwa amemwambia maneno matano tu: "Njoo, Daktari. Nina kosa lako." Hakuenda hospitalini; alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya bati jekundu alikokula chakula chake cha mchana kwa miaka mitatu ya ujana wake.

"Mama Sikitu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mjini hawapiki?"

"Wanapika, lakini hawanigombezi nikibakisha."

"Basi kaa. Viazi na njegere viko mezani. Ukibakisha leo nitakugombeza, kisha nitakuambia kitu kitakachokufanya utamani kwamba ningeishia kwenye kukugombeza."

Alimwambia wakati anakula, bila kupunguza na bila kujitetea. Alimtajia mwezi, sahani ya chuma, Matroni mlangoni. Daktari Kitange aliacha kutafuna. Aliweka kijiko kando ya sahani, taratibu, kikiwa kimenyooka, kama alivyofundishwa na huyu huyu aliyekuwa akisema naye.

"Wadogo tu?" aliuliza hatimaye.

"Chini ya kilo moja na nusu. Wakubwa ni kanga, kama nilivyosema."

Daktari alikuwa tayari akihesabu. Macho yake yalikuwa ukutani. "Kwa hiyo mtoto niliyemwandika gramu elfu moja mia mbili na hamsini hakuwa na uzito huo. Alikuwa mdogo zaidi, akahitaji matone sita. Na viota vya leo vinapima watoto uchi, juu ya hewa yenye joto, bila kosa. Mtoto wa uzito ule wa kweli akija..."

"Anapewa matano. Anasahau kupumua mara kumi na moja. Yuko namba saba."

Nje, mtu alikuwa akipasua kuni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Matroni alikuwa amesimama mlangoni."

"Matroni aliondoka baada ya dakika tano, Mama. Mimi nilikaa miaka mitatu kwenye meza hii."

Bibi Tumwidike aliyapokea maneno hayo kama apokeavyo mtu kitu kizito kwa mikono miwili. "Hilo sina jibu lake la kunipendeza," alisema. "Kila nilipotaka kusema, ulikuwa ukiwaambia wanafunzi wako kwamba katika hospitali hii kuna muuguzi mmoja asiyesema uongo. Nilipenda kuwa mtu huyo. Nikaona ni afadhali nibaki naye kuliko kumpoteza kwa ajili ya blanketi."

Daktari Kitange alikaa akitazama mikono yake. Kisha akasema kwa upole, "Sikiliza. Makala ni yangu, jina lililo juu ni langu. Nitaandika leo kwamba mwandishi alikosea hesabu. Waandishi wanaruhusiwa kujirekebisha. Hakuna atakayelijua jina lako, na watoto watapata tone lao. Una miaka sabini na minane, Mama Sikitu. Pambizo lile halifutiki. Watu watalisoma hata wajukuu wa Lusungu wakiwa wazee."

"Ukisema ulikosea hesabu, watu wataangalia hesabu gani?"

"Zote."

"Na viota?"

Alisita. Alikuwa mwanasayansi mwaminifu, na swali lilikuwa la kisayansi. "Vitasahihisha safu zote," alikiri. "Pamoja na za wakubwa, ambazo hazina kosa."

"Kwa hiyo utawapa wakubwa dawa wasiyoihitaji ili mimi nilale vizuri." Sauti yake ilikuwa kavu, ila mkono wake ulivuka meza ukamshika kifundo cha mkono. "Uongo wangu ulikuwa na mpaka, Daktari. Ulikaa kwa wadogo tu. Uongo wako hautakuwa na mpaka. Maliza viazi."

Akamaliza viazi. Hakubakisha.

*

Blanketi lilikuwa ndani ya sanduku, chini ya kitabu cha nyimbo na vitenge vya msiba: la kijivu, mstari mwekundu uliofifia, pembe moja ikiwa imeungua kwa pasi. Bibi Tumwidike alilichukua kama ukumbusho alipostaafu, yale mengine yalipotupwa. Walilipeleka maabara ya hospitali. Daktari alitaka lipimwe mara moja waende, Bibi alikataa.

"Sanduku langu ni kavu. Wodi haikuwa kavu kamwe miezi ile. Litundike hapa dirishani saa mbili nzima, liingie ukungu, ndipo upime."

"Kweli ulipaswa kuwa daktari, Mama."

"Nilipaswa kuwa mkweli. Litundike."

Walilipima mara tatu. Enelia alisoma namba kwa sauti, Daktari akaandika, Bibi akahakiki. Gramu mia mbili sitini na mbili, mara zote tatu. Toa tisini za kanga: gramu mia moja sabini na mbili zilizokuwa zimebebwa na kila mtoto mdogo wa Ukevelo katika makala ile, wala hazikuwa mwili wake.

Kisha Bibi Tumwidike aliketi mbele ya kioo cha kompyuta ya wodi. Aliandika kwa kidole kimoja, akitumia nukta na koma zote, na hakukubali kusaidiwa.

*Naitwa Tumwidike Chaula, muuguzi mstaafu wa Ukevelo. Uhusiano wangu na mwandishi: alikula mezani pangu miaka mitatu, nami nampenda kama mwanangu. Uhusiano wangu na kosa: ni langu. Mwandishi aliniuliza nguo ya kupimia ni ipi, nikasema kanga. Kwa watoto wa chini ya gramu elfu moja mia tano haikuwa kweli. Niliwapima katika blanketi la gramu 262, ambalo limepimwa leo na picha yake nimeiambatisha. Safu za watoto wakubwa ni sahihi na zisiguswe. Napendekeza safu za chini ziondolewe gramu 172, na matone yafuate. Mwandishi hakujua.*

Alipofika mwisho kidole kilibaki hewani juu ya neno *Tuma*. Daktari na Enelia walitazama pembeni, kila mmoja upande wake. Kiota namba saba kililia. Bibi aliinuka, akagonga unyayo, akangoja pumzi irudi, akarudi kwenye kioo, akatuma.

*

Ilipasa wasomaji watatu wasiomjua mwandishi wala mtathmini waisome na kuiunga mkono kwa majina yao kabla jedwali halijabadilika. Wa kwanza alikuwa daktari wa hospitali moja ya kando ya ziwa. Aliuliza kama blanketi lilikuwa moja au mawili. Bibi alijibu: *Moja. Mawili yangemlemea.* Daktari huyo akaweka sahihi. Wa pili alipitia daftari za zamani zilizoambatishwa na makala, akaona kwamba kwa wakubwa hitilafu haionekani, akaweka sahihi bila neno lingine.

Wa tatu hakuwa na haraka. Alikuwa mtaalamu wa takwimu aitwaye Shadrack Wanyonyi, na aliandika: *Shahidi huyu anakiri kwamba aliwahi kutoa taarifa ya uongo katika utafiti huu huu. Kwa nini tumwamini mara ya pili?*

Enelia alisonya. "Huyu hana bibi kwao!"

"Nyamaza, mwanangu. Ameuliza kama anavyopaswa." Bibi Tumwidike alivuta kioo karibu. Daktari Kitange alikuwa amekwisha kunyoosha mkono aandike utetezi. Bibi aliupiga mkono huo kidogo, kama zamani kijana huyo alipomgusa mtoto kabla ya kunawa.

Aliandika: *Usiniamini. Una viota mahali ulipo. Tazama watoto wa chini ya kilo moja na nusu, uhesabu wamesahau kupumua mara ngapi tangu jana, kisha uwahesabu wa juu yake. Ikiwa ni sawa, mimi ni mwongo mara mbili. Nitangoja.*

Walingoja. Jua la alasiri lilipenya ukungu, likafika kwenye vioo vya viota, likaondoka. Lusungu aliletwa kwa kiti cha magurudumu kumwona mtoto wake; aliambiwa kila kitu na bibi yake mwenyewe, naye aliuchukua mkono wa kizee ule akauweka shavuni pake. Namba saba alisahau mara mbili, akakumbushwa mara mbili.

Saa kumi na dakika chache jibu likaja. *Nimehesabu viota kumi na vinne hapa kwetu. Wadogo: mara sitini na tatu. Wakubwa: mara moja. Naweka sahihi. Samahani kwa swali, Mama, ila ningeliuliza tena.*

*Hata mimi,* aliandika Bibi.

Juu ya makala, neno *Imesimama* likageuka kuwa *Imesimama kwa marekebisho.* Kiota namba saba kilinguruma kidogo, kama kitu kinachofikiri. Mrija ulishuka hadi mdomoni mwa mtoto, ukaachia tone moja, lile lililokuwa likidaiwa tangu asubuhi, ukapanda. Namba nne vivyo hivyo. Na katika hospitali ambazo hakuna aliyekuwemo mle chumbani angezifikia kwa siku moja, mirija mingine ilishuka saa ile ile.

Hakuna aliyeshangilia. Wote wanne walikuwa wakihesabu pumzi.

Ilibaki sehemu ya mwandishi. Daktari Kitange alijitenga na kioo chake cha mkononi hadi kwenye benchi la mwisho, akaandika, akafuta, akaandika. Aliporudi hakumwonyesha Bibi. Alikaa tu kando yake, magoti yao yakigusana kwa wembamba wa kibao. Enelia ndiye aliyeifungua makala, akasoma kwa sauti sentensi mpya ya sehemu ya njia za utafiti:

"*Uzito wa nguo uliondolewa katika kila kipimo: kwa watoto wakubwa, kipande cha kanga, gramu 90; kwa watoto wa chini ya gramu 1500, blanketi moja, gramu 260, walilofungwa na Muuguzi T. Chaula kwa sababu kulikuwa na baridi.*"

Enelia alimgeukia Bibi.

Bibi Tumwidike alivua miwani. Alikaa nayo mkononi kitambo, akitazama ukungu uliokuwa ukirudi dirishani, na Daktari hakumtazama usoni, kwa kuwa alimjua. Kisha akavaa miwani, akanyoosha mgongo, akavuta kioo.

"Mama, unafanya nini?"

"Naandika tathmini."

"Nyingine?"

"Blanketi ni gramu mia mbili sitini na mbili, Daktari. Umeandika mia mbili sitini. Umekata mbili ili ipendeze."

"Ni gramu mbili tu, Mama Sikitu!"

"Ndiyo," alisema, kidole chake kikianza kutafuta herufi ya kwanza ya jina lake. "Na safari hii sinyamazi."

Ndani ya kiota namba saba mtoto alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine, bila kukumbushwa na mtu.